Kitovu Chini ya Mkomamanga

Hapo zamani, zamani zile ambazo mtu akiulizwa kwao ni wapi hataji jina la mji bali anakuonyesha mti, palikuwa na bibi mmoja katika kijiji cha Mtondooni, jina lake Bi Kazija. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna miwa hebu acha kwanza, maana hadithi hii ni kesi, na mahakimu ni nyinyi. Mimi kazi yangu kusimulia tu.

Desturi ya Mtondooni ilikuwa hivi. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikidondoka, kilizikwa uani na juu yake ukapandwa mti. Mti ule ulikuwa wake, hata kama ardhi ni ya mwingine. Ukichanua, watu walisema mwenyewe anacheka huko aliko. Ukinyauka, watu hawakusema kitu, walipita upande wa pili wa njia. Na asiye na mti alikuwa mtu wa kupita, hata akikaa Mtondooni mpaka mvi.

Bi Kazija alijaaliwa mtoto mmoja tu, Fumo. Juu ya kitovu chake alipanda mkomamanga, kwenye pembe ya mwisho ya bustani, kule ua unakopakana na nyumba ya jirani. Fumo akakua, akawa kijana wa kutazamwa. Siku moja akaaga, akasema anakwenda kutafuta. Kutafuta nini? Vijana hawasemi. Akaenda, hakurudi, wala salamu zake hazikurudi.

Mwanzoni Bi Kazija aliupalilia mti ule kila siku. Kisha asubuhi moja akaona majani mawili matatu yamegeuka manjano. Majani tu, jamani! Mti gani hauangushi majani? Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alilitupa jembe pale pale, akarudi ndani, akasema, "Kuanzia leo mtu asikanyage pembe ile. Asipalilie, asikate, asichungulie." Maana alijiambia hivi: nisipouona, haujafa. Haujafa, basi na mwanangu yu hai.

Pembe ikaachwa. Na magugu mnayajua, hayana adabu. Ukiyapa baraza yanataka na chumba cha kulala. Kwanza ziliota nyasi za kiunoni. Kisha mbigili. Kisha mikunazi mwitu yenye miiba ya kurudi nyuma, ile ambayo ikikushika nguo haikuachi mpaka mzungumze. Juu ya vyote hivyo ukapanda upupu, ukavifunika, na mtu aliyewahi kuguswa na upupu hahitaji kuhadithiwa. Mwisho pakawa na kichaka kirefu kuliko nyumba, cheusi, kimya, na kuku aliyeingia humo hakutoka. Mchicha wa Bi Kazija ulistawi, bamia zake zilisifiwa, mrehani wake ulinukia mpaka njiani. Lakini watu waliokuja kununua mchicha walisimama na kukipa mgongo kile kichaka.

Katika nyumba ile alikuwamo Mize. Huyu Mize mshikeni vizuri, kwa sababu nitakwenda naye. Mama yake mzazi alifika Mtondooni na kikapu kichwani na mtoto mgongoni, akaomba maji kwa Bi Kazija, akalala na homa, na asubuhi hakuamka. Alitoka wapi? Hakuna ajuaye. Kitovu cha mtoto kilizikwa wapi? Mungu ndiye ajuaye. Bi Kazija akamlea Mize, akamlisha, akamvisha, akamwoza. Mume akafa, na Mize akarudi na mimba yake kwa yule aliyemlea.

Bi Kazija hakumnyima kitu, ila neno moja. Alimwita "mwana wa watu". Mwana wa watu, chakula kipo. Mwana wa watu, njoo nikusuke. Alimwita hivyo kwa upole kabisa, bila kinyongo, na kila akimwita, Mize aliumia. "Mwanangu" lilikuwa neno la Fumo, na bibi aliliweka akiba.

Sasa mimba ilikuwa imekua, na Mize alikuwa na jambo moja lililomkosesha raha: mtoto wangu akizaliwa, kitovu chake nitakizika wapi? Nimekuwa mtu wa kupita mimi, je, na yeye? Siku moja akajipa moyo, akauliza.

"Uani kwangu," Bi Kazija akajibu, "hakizikwi kitovu kingine mpaka nijue cha kwanza kiko vipi."

Na kujua hataki! Basi hapo mtu afanye nini? Mize akaenda kumwagilia bamia.

Upande wa pili wa ua aliishi Bi Mwaka, mwanamke asiye na mtoto wala mti, ila alijaaliwa ulimi. Yeye na Bi Kazija walikosana zamani kwa sababu ya koo mmoja, kuku jike wa kutaga, aliyekula choroko zilizoanikwa. Yule koo alishaliwa mchuzi, choroko zilishasahauliwa, ugomvi ukabaki. Kila asubuhi Bi Mwaka alitoka na beseni lake, maji ya kuoshea samaki, maji ya mchele, maji ya vyombo, akayarusha juu ya ua, pwaa, ndani ya kichaka cha mwenzake, akisema kwa sauti ya kusikika, "Haya, kunyweni, wenye makuu!" Hakuruka siku. Hata akiwa mgonjwa alijikongoja.

Mambo yangeendelea hivyo, lakini chatu akatoka kichakani akammeza mbuzi wa jumbe. Angemmeza mbuzi wa mtu mwingine pengine lisingekuwa neno. Kwa kuwa alikuwa mbuzi wa jumbe, amri ikatoka: Ijumaa, watu wakishasali, kichaka kichomwe. Na mwenge akapewa Faki.

Kwa nini Faki? Kwa sababu alikuwa na nguvu na hakuogopa nyoka. Lakini Faki alikuwa pia ndugu yake Fumo wa kunyonya; mama yake alipokosa maziwa, Bi Kazija ndiye aliyempa ziwa. Alikuwa mtu wa kucheka zamani. Sasa hacheki. Kila mtoto aliyezaliwa nyumbani kwake hakufika arubaini. Vitovu vyao vilizikwa uani kwake, miti ikapandwa, na miti yote ikakauka. Na mkewe Tabu alikuwa tena mjamzito, siku zake zimekaribia kama za Mize.

Watu walidhani Bi Kazija atapiga kelele amri ile ikisomwa. Hakupiga. Alisema, "Chomeni."

Mize akashangaa. "Mama, si mti wa Fumo umo humo?"

"Umo."

"Na unakubali uungue?"

"Moto ukishapita," Bi Kazija akasema, "hakuna atakayejua kama ulikuwa mbichi au mkavu. Hata mimi sitajua."

Mize hakulala vizuri. Alijua jambo moja: mti ukiungua bila kujulikana, Bi Kazija hatajua maisha yake yote, na uani mwake hakitazikwa kitovu kingine kamwe. Ijumaa asubuhi akasema, liwalo na liwe. Akajipaka majivu na mafuta mikononi na usoni, akajifunga gunia begani, akachukua mundu. Alipofika ukingoni mwa kichaka akasikia sauti nyuma yake.

"Mwana wa watu! Unakwenda wapi?"

"Kuutazama mti, mama."

"Nimekataza! Tangu hujaota meno nimekataza!" Bi Kazija alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, kanga imemwanguka kichwani, na machozi yanamtoka mbele ya watu waliokuja kununua mchicha. "Ukikuta kijiti kikavu utakuwa umeniua. Unasikia? Utakuwa umeniua kwa mundu huo huo!"

"Na nikiukuta hai?"

Bi Kazija akashika mwimo wa mlango. Neno lilimtoka kwa nguvu, watu wote wakalisikia.

"Atakayenifikishia mti wa mwanangu ukiwa hai, Wallahi, mti ule ni wake. Kitovu cha aliye wake kitazikwa chini yake, na uani kwangu hakitazikwa kingine. Na nitamwita mwanangu mpaka siku ya kufa kwangu. Yeye peke yake!"

Kisha akaingia ndani, akajifunika kanga kichwa kizima ili asione wala asisikie. Mize akapiga magoti, na tumbo lake lile, akaingia kichakani.

Sasa sikilizeni alivyofanya, maana hapa ndipo wengi wangeshindwa. Hakukata juu. Upupu ukikatwa juu unakunyeshea, utajikuna mpaka ujute kuzaliwa. Alikata chini, kwenye mashina, akifungua njia ya kupita kwa magoti, akikata na kusukuma pembeni, akikata na kusukuma pembeni. Miiba ikamshika, akazungumza nayo. Sauti za kijiji zikafifia nyuma yake, mtwangio, watoto, mbuzi, mpaka akawa hasikii ila pumzi zake mwenyewe.

Akakutana na gamba la chatu lililovuliwa, refu, jeupe, limelala kwenye njia yake. Mwenyewe hakuonekana. Akalisogeza kwa ncha ya mundu, akapita. Akakutana na kuku. Ndiyo, kuku! Wamekaa kwenye viota vyao kizani, wanene, wakamtazama bila wasiwasi wowote. Kumbe wale kuku waliopotea hawakufa, walihama. Mize alicheka peke yake mle kichakani, akaogopa kicheko chake.

Akakata shina la mwisho, na miiba ikaisha ghafla.

Akasimama. Wima, nawaambieni, na palikuwa na nafasi ya kusimama. Alikuwa ndani ya chumba. Mikunazi imepinda pande zote ikawa kuta, upupu umekuwa dari, na katikati ya dari palikuwa na tundu moja ambalo jua lilishuka kupitia. Chini hapakuwa na gugu hata moja. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umepoa. Na pale jua liliposhukia ulisimama mkomamanga.

Mize aliuzoea mchongoma, aliuzoea mlimau. Mti ule hakuwa na la kuufananisha nao. Shina lake lilikuwa nene, limejisokota, na matawi yake yalikuwa na maua mekundu na makomamanga mabivu kwa wakati mmoja, mengine yamepasuka yenyewe na punje zake zinang'aa kwa mwanga ule. Vindege vya chozi vilikuwa vikiingia na kutoka. Nyuki walikuwa wakivuma kwa sauti ya chini. Hapakuwa na tawi lililovunjika, wala jani lililoliwa na mbuzi, wala alama ya nzige waliopita ule mwaka walipomaliza mashamba yote ya Mtondooni. Dunia nzima ilikuwa imepita nje ya ile miiba na haikuugusa.

Mdomo wa Mize ukawa wazi. "Subhanallah," akasema, kwa kunong'ona, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na kuwakuta wanasali. Mtoto tumboni akageuka, akapiga teke. Mize akaweka mkono tumboni, akalia. Hakulia kwa huzuni. Alilia kwa sababu alikuwa ameishi hatua chache kutoka pale maisha yake yote, akiosha vyombo, akimwagilia bamia, na jambo lile lilikuwako.

Hatimaye akajongea. Akahisi nyayo zake zimelowa. Akashangaa, maana kiangazi kilikuwa kikali na bamia zilikuwa zinanyauka kwa kiu. Akainama, akagusa udongo. Matope. Akaona magamba ya samaki yanametameta. Akaona punje za wali. Akafuata unyevu kwa macho mpaka kwenye ua, mpaka upande wa pili wa ua, na akaelewa.

"Ya Rabi," akasema. "Haya, kunyweni, wenye makuu."

Hapo hapo akasikia harufu ya moshi.

Faki hakungoja wakati wa sala. Upepo ulikuwa mzuri, akaona kazi ifanywe mapema watu wakasali kwa utulivu. Hakuwa na habari kwamba kuna mtu ndani. Alikuja kwa njia ya nyuma, upande wa mbali. Akatia mwenge kwenye nyasi kavu, na nyasi zikashika kwa mlipuko mmoja.

Mize angeweza kurudi kwa magoti kwenye njia aliyoikata. Moshi ulikuwa bado haujafika huko. Hakurudi. Alisimama na mgongo wake kwenye lile shina, akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Wala hakusema niokoeni. Alisema, "Uko hai! Faki, uko hai! Mti wa Fumo uko hai!"

Faki alisikia. Watu waliokuwapo walisema aligeuka rangi. Akautupa mwenge, akavua kanzu yake ya Ijumaa, akaingia kwenye moto alioutia yeye mwenyewe. Aliupiga kwa kanzu mpaka kanzu ikaisha. Akaung'oa mkunazi uliokuwa unawaka, kwa mikono mitupu, akautupa nje, akang'oa mwingine. Viganja vikaungua, akaendelea. Miiba ikamchana, upupu ukamwangukia, akaendelea. Na wakati moto umebaki ulimi mmoja unaoelekea chumbani kwa mti, Bi Mwaka, ambaye siku hiyo alichelewa kuosha samaki wake, akatoka na beseni, asijue hili wala lile, pwaa! "Haya, kunyweni, wenye makuu!" Maji yakammwagikia Faki kichwani na yakauzima ule ulimi wa mwisho.

Mnacheka. Bi Mwaka hakucheka. Alisikia kimya cha ajabu upande wa pili, akasogeza makuti ya ua, akachungulia. Akauona mti. Beseni likamwanguka.

Bi Kazija wakamwendea ndani. Alikataa kutoka, akakataa kufunuliwa uso, mpaka Mize mwenyewe alipokuja, mweusi kwa majivu na moshi, akamwekea komamanga mkononi. Lilikuwa la moto kidogo upande mmoja. Bi Kazija alilipapasa gizani mwa kanga yake, akalinusa. Akajifunua. Akatembea mpaka kichakani, akapiga magoti, bibi mzima na nguo zake safi, akaipita njia ya Mize kwa magoti mpaka ndani.

Waliomfuata walimkuta amelikumbatia shina. Shavu lake lilikuwa kwenye gome. Alikuwa akilisemesha, maneno ya kumwambia mtoto mdogo, amekula, amelala, amekua hivi lini? Watu wakubwa waliingia mle mmoja mmoja, na kila aliyeingia alivua viatu, wala hakuna aliyemwambia avue. Jumbe aliingia akasahau habari ya mbuzi wake. Hakuna aliyeuliza kama Fumo yu hai. Walikuwa wamesimama mbele ya jibu.

Sala ya Ijumaa ilipokwisha, wakakumbuka kiapo.

"Kama si mundu wangu," Mize akasema, "mti usingeonekana. Wote mlikubali uchomwe, na mama alikubali. Mimi peke yangu nilikwenda. Na moto ulipokuja sikukimbia."

"Ulikwenda ukiwa umekatazwa," Bi Mwaka akasema. "Mama analia mlangoni, wewe unampa mgongo. Ungekuta mkavu je? Ungekuwa umemzika leo."

"Kama si mikono yangu," Faki akasema, akaionyesha, na watu wakageuza nyuso, "mti ungekuwa majivu, na Mize pamoja nao. Ziwa alilonyonya Fumo nimelinyonya na mimi. Ndugu yangu ameungua, nimemtoa motoni."

"Umemtoa motoni," Mize akasema, "lakini moto ule nani aliutia, kaka Faki?"

Faki akavificha viganja vyake mgongoni.

Kisha Bi Mwaka akasogea mbele. Ule ulimi wake ulikuwa mzito siku hiyo. "Kama si maji yangu," akasema, akasita, akajaribu tena. "Kama si maji yangu usingekuwapo mti wa kuonekana wala wa kuokolewa. Kiangazi baada ya kiangazi, nani aliumwagilia? Mama yake aliukimbia. Mimi sikuruka siku."

"Ulimwaga kwa matusi," watu wakasema. "Ulikuwa unamwagia uchafu mwenzako."

"Nilikuwa namwagia uchafu mwenzangu," Bi Mwaka akakubali, na machozi yakamtoka. "Sikujua. Lakini mizizi haikunywa matusi. Ilikunywa maji."

Bi Kazija akawasikiliza wote watatu, akasema, "Nipeni muda." Akakaa chini ya mkomamanga, akaletewa chakula huko huko, wala hakutaka kichaka kilichobaki kiguswe, ila njia ipanuliwe kidogo kwa ajili ya magoti yake.

Lakini uzazi haungoji hukumu. Siku zile zile Mize akajifungua mtoto wa kike, na Tabu mke wa Faki akajifungua wa kiume. Watoto wote wawili walilia vizuri, wakanyonya vizuri. Na vitovu vyao, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, vikadondoka siku moja. Desturi ya Mtondooni ni kwamba kitovu kikidondoka hakilali ndani. Kizikwe kabla jua halijatua. Na mti mzima, wenye kitovu cha zamani, hupokea kitovu kichanga kimoja tu; viwili havizikwi pamoja, maana wenyewe watanyang'anyana uhai.

Alasiri ile wakaja wote kwenye mkomamanga. Bi Kazija alikuwa amesimama na jembe.

Faki akaja na kitovu cha mwanawe kwenye kitambaa, viganja vyake vimefungwa matambara. Akasema, "Mama, uani kwangu kila nilichozika kimekufa. Mti huu umekaa na chatu, na miiba, na kiangazi, na moto, na haukufa. Sitaki kingine. Nataka mwanangu afike arubaini."

Mize akaja na kitovu cha bintiye kwenye pindo la kanga. Akasema, "Mama, Faki ana uani mbaya, lakini ana uani. Mimi sina hata mbaya. Mwanangu akiulizwa kwenu wapi, aonyeshe nini?" Akataka kuongeza la pili, la yeye mwenyewe, la jina analotaka kuitwa, akaishia kulikaza pindo la kanga. Lakini Bi Kazija alilisikia hata hivyo, maana alikwepesha macho.

Bi Mwaka akaja mikono mitupu. Akasema, "Mimi kitovu sina. Tumbo langu halikuzaa. Nikifa hapa, ugomvi wetu ndio utakaokumbukwa, na choroko. Nataka kiwepo kitu kimoja duniani watu wapite waseme, hiki alikilea Bi Mwaka. Na mkininyima, maji nitamwaga vile vile. Siwezi kuacha tena." Yule mwanamke aliyetukana kila asubuhi akasimama pale kama mkwe mgeni.

Bi Kazija aliwatazama mmoja mmoja. Yule aliyemwasi ili amfurahishe. Yule aliyewasha na akazima. Yule aliyemchukia na akamlelea mwanawe. Angependa kumgawa Fumo sehemu tatu, lakini alikuwa ameapa kwa Mungu, mbele ya watu, na alisema yeye peke yake. Jua lilikuwa limeshuka. Lile tundu la juu halikuleta tena mwanga chini, lilibaki jekundu kwenye matawi tu.

Akainua jembe, akapiga mara moja. Udongo ukafunguka mweusi, laini, ukatoa harufu ya mvua. Kisha akafumba macho, akanyoosha mkono mbele yake, na lile neno aliloliweka akiba tangu Fumo aondoke likamtoka.

"Njoo, mwanangu," akasema.

Na wote watatu wakainua mguu.

Mimi nimefika hapo, na hapo ndipo walipo mpaka sasa, mguu juu, na jua linazama. Msinitazame mimi! Semeni nyinyi mlio na watoto, na nyinyi mlio na mama. Mkono ule umshike nani? Je, nani kati yao alistahili kuitwa mwanangu?